Nikeli za Baba Zilivyosuguliwa kwa Jivu

Hasira ya siku ile haijaniisha, wala siitafutii dawa.

Baba alikuwa na sarafu chache za nikeli za Kimarekani, za mwanzoni mwa karne ya ishirini, alizopewa na Mzungu aliyefanya naye kazi mgodini Mpanda. Upande mmoja kuna kichwa cha mtu mwenye manyoya kwenye nywele, upande wa pili mnyama tuliyemwita nyati, maana nyati ndiye tuliyemjua. Ndugu zake walimcheka: mtu mzima anatunza hela isiyonunua hata kiberiti! Jumapili baada ya misa, nyumbani kwetu Kashaulili, mimi na yeye tulizitandaza juu ya kanga, tukasoma mwaka begani mwa yule mtu na kutafuta herufi ndogo chini ya mnyama. Padri mmoja mzee, mpenzi wa sarafu, alimweleza kuwa herufi ile, alama ya mji sarafu ilikotengenezwa, ndiyo hupandisha thamani, na kwamba sarafu ikisuguliwa imekufa. Yenye herufi ilikuwa moja tu, na mwaka wake bado ulisomeka.

“Hii yako,” baba aliniambia. “Usiioshe hata siku moja.”

Baba akafa. Siku ya arobaini ndugu wakaja kutoka Kibaoni kugawana vitu vyake: baiskeli, redio, makoti, na kopo alimotunza sarafu, pamoja na yangu niliyokuwa nimeiacha humo. Baba mdogo akaona nyingine zinang'aa, nyingine nyeusi. Akawapa shangazi zangu jivu, mchanga na limau wazisugue zote zifanane, asije mtu akalalamika kapewa mbaya. Haki gani hiyo! Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa wageni. Nilipotoka nikawakuta wanazisuuza kwenye beseni, wanacheka. Mikono iliyozoea kusugua masufuria ya shughuli haikubakiza mwaka wala herufi. Yangu sikuijua tena.

“Baba mdogo, mmeziua!”

“Nyie wasichana mna maneno. Tumezitakatisha. Hakuna atakayepunjwa.”

Nikalia kwa hasira mbele ya watu wote. Wao wakadhani namlilia marehemu, wakanibembeleza, na hilo likanichoma zaidi.

Kisha baba mdogo akaniita, akachota sarafu yoyote iliyomjia mkononi, akaninyooshea. Nikapiga magoti nilivyofundishwa, nikapokea kwa mikono miwili.

“Sema asante,” shangazi akaninong'oneza.

Nikasema. Ningekuwa na ujasiri wa leo, ningemrushia baba mdogo usoni.