Makochi ya Watu

Mlango wa kioo ulijifungua wenyewe, na Fundi Springi akarudi nyuma kidogo ili ampishe aliyeufungua. Hakukuwa na mtu. Mkewe akampita ubavuni, mkoba begani, akaingia kama anayeingia kwa dada yake.

Dada wa mapokezi aliwaamkia, akatazama karatasi zao za safari, akawakaribisha. Ukumbi ule wa VIP hawakuugharamia wao. Mkwe wao ni fundi mitambo wa melini, mara kwa mara anarushwa kwa ndege kuifuata meli bandari ya mbali, na shirika la ndege limemjazia pointi mpaka hajui azipeleke wapi. Aliposikia kwamba wakwe zake watashinda uwanja wa ndege katikati ya safari wakisubiri ndege ya pili, alisema haiwezekani wazee wake wakae kwenye viti vya chuma siku nzima kama mizigo.

Ndani kulikuwa na zulia linalomeza sauti ya viatu. Watu walizungumza kwa kunong'ona, utadhani kuna mgonjwa chumba cha pili. Kulikuwa na mashine ya kahawa yenye vitufe vingi kuliko redio, meza ndefu ya vyakula isiyolindwa na mtu, na mlango wenye alama ya bafu. Mke wa fundi alisimama mbele ya mlango huo akashangaa. Mtu atoke kwao akiwa na maji, aje kuoga uwanja wa ndege? Akamuuliza dada kama chakula kile ni cha bure kweli. Akaambiwa kweli, mama. Akauliza tena kwa kuzunguka, kama polisi anayempima shahidi, na dada akacheka akasema ni kweli vilevile. Basi akajipakulia, akachagua kiti kikubwa cha ngozi karibu na dirisha, mahali ndege zinapoonekana zikivutwa na vigari vidogo, akakaa.

Mumewe hakukaa.

Mafundi makochi wana tabia yao. Mtu wa kawaida akiona kiti hukikalia; wao hukiwekea goti kwanza. Goti ndilo linalojua kama sponji ni nzima au imechoka, kama springi imefungwa au imeachwa ijitegemee. Fundi Springi alipita kiti kwa kiti, akiweka goti, akikaza, akiachia, akitega sikio. Bwana mmoja aliyekuwa na kompyuta mapajani alivuta mkoba wake karibu.

"Kaa," mkewe akamwambia.

"Nakuja."

Nakuja hiyo mkewe anaijua. Ameishi nayo tangu alipoolewa.

Nyumbani kwao karakana ni banda dogo nyuma ya nyumba, na paa lake linavuja. Kwa hiyo kochi likishamalizika halibaki kule, linaingizwa sebuleni kumsubiri mwenyewe. Na wenyewe hawana haraka. Katika sebule ile yamelala makochi ya wakili, makochi ya saluni, makochi ya maharusi ambao waligombana na kuachana kabla ya kuja kuyachukua. Yote yamevishwa nailoni, na hakuna anayeruhusiwa kuyakalia. Wageni wakija, hutolewa viti vya plastiki, wakakaa wakitazamana na makochi. Jirani mmoja mtani kila akiingia huuliza leo tumekuja kuwasalimia nyinyi au hawa wakubwa. Hata binti yao, alipokuwa mdogo, alijua kusema "la watu" kabla hajajua kusema anataka maji. Aliwahi kununuliwa kiti cha mwanasesere, akamsimamisha mwanasesere pembeni yake, kwa sababu kiti ni cha watu.

Si kwamba mkewe hakuomba. Aliomba, na akatengenezewa, mara tatu. La kwanza lilichukuliwa na mtu aliyekuwa na harusi wiki ile ile, akalia machozi pale mlangoni. La pili lilitoka kwa sababu kitambaa chake kilifanana na cha seti ya mteja iliyopungua kochi moja. La tatu alilikalia wiki nzima. Siku moja akarudi kutoka kliniki na kiuno kinamuuma, akakuta zulia lina alama nne za miguu, basi. Mwalimu mkuu alipita, akaliona, akalipenda. Fundi alimweleza mkewe kwamba atamtengenezea jingine zuri zaidi, na mkewe akaenda jikoni. Tangu siku hiyo hakuligusia tena jambo la kochi. Fundi akadhani amesahau.

Sasa binti yao amejifungua, huko kwa mumewe, na mume ndiye huyo wa melini, leo yupo kesho hayupo. Binti aliomba mama aende akamsaidie. Akaomba na baba aende, hata kwa siku chache, amwone mjukuu. Tiketi zilipokuja, fundi alivaa miwani akazisoma. Yake ilikuwa ya kwenda na kurudi. Ya mkewe ilikuwa ya kwenda tu.

Alipouliza, mkewe alisema tutajua huko huko, akaendelea kukunja nguo. Lakini fundi aliona nguo zenyewe. Alikunja na za baridi, alikunja na zile za sikukuu, akachukua na mto wake wa kulalia. Mtu hasafiri na mto kwa ziara. Hakumuuliza. Alijiambia atamuuliza kwenye ndege, na kwenye ndege mkewe akalala. Ikawa imebaki nafasi hii hapa, katikati ya ndege mbili, kwa maana wakishatua kutakuwa na mtoto, na binti, na mkwe, na vigelegele, na hapo hakuna mwanamume anayeweza kumvuta mkewe pembeni kumuuliza kama anarudi nyumbani.

Ndiyo maana hakuwa anakaa. Akikaa, itabidi aulize.

"Hiki kiti kimenishika kiuno vizuri," mkewe akasema. Hakumtazama. Alikuwa ameegemea, macho yamefumba nusu, sahani tupu juu ya tumbo.

Fundi akasimama pale pale. Kiuno kile amelala nacho miaka yote hiyo, amekipaka dawa ya kuchua, amekisikia kikilalamika alfajiri kikiinuka kitandani. Leo kiti cha watu baki kimekituliza kwa muda wa sahani moja. Kina nini humo ndani?

Pembeni yake kulikuwa na kiti pacha, kitupu. Fundi akakishika mikono miwili, akakilaza chali, miguu juu. Chini yake kilikuwa kimezibwa kwa kitambaa cheusi, kama viti vyote. Akatafuta pembe, akaingiza ukucha, akaanza kukibandua taratibu, pini moja, pini nyingine. Alikuwa ameshaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko alipoona viatu vyeusi mbele ya uso wake.

"Mzee," mlinzi akasema, "unaficha nini humo?"

"Sifichi, natazama mikanda."

Jibu lile halikumsaidia. Bwana wa kompyuta alikuwa ameshahamia upande wa pili wa ukumbi. Dada wa mapokezi akaja akikimbia bila kukimbia, kama wanavyofanya wafanyakazi wa mahali pa heshima. Mlinzi akamwomba fundi atoe mkono polepole. Akapiga magoti, akamulika ndani ya kiti kwa tochi ya simu. Kulikuwa na mbao, springi, mikanda mipana iliyosukwa kama mkeka, na kijiko cha chai kilichodondokea humo zamani. Mlinzi akakitoa kijiko, akakigeuzageuza, akamtazama fundi.

Hapo mkewe akalazimika kuinuka kwenye kiti chake.

"Baba, huyo ni mume wangu," akamwambia mlinzi. "Kazi yake makochi. Si mtu mbaya, ila haoni kiti kikapumzika. Kwenye harusi ya mdogo wangu alipindua cha bibi harusi."

"Kilikuwa kinalia," fundi akasema.

"Alikuwa amekikalia!"

Dada wa mapokezi aligeuka pembeni akajifanya anakohoa. Mlinzi alijitahidi kubaki na uso wa kazi. Mwishowe akasema hana tatizo na fundi, yeye mwenyewe kwake ana kochi linamla nyama, ila hapa si karakana. Mzee akisimamishe kiti, kisha akikalie, na akibaki amekikalia mpaka ndege yake itakapoitwa, mambo yameisha.

Basi Fundi Springi akakaa, kwa amri ya ulinzi, ubavuni mwa mkewe. Kikamshika na yeye. Akatazama mbele. Nje kigari kilikuwa kinavuta ndege kubwa kinyumenyume.

"Umeona ulichokuwa unakitafuta?" mkewe akamuuliza.

"Mikanda yao ni ya kusuka. Mimi naweka michache. Inaokoa... Unarudi nyumbani?"

Swali lilitoka hivyo hivyo, bila hodi. Mkewe hakushtuka, akaweka sahani mezani, akafuta vidole kimoja kimoja.

Akamwambia kwamba alishamwahidi binti kukaa mpaka mtoto atakapotembea. Hilo halina mjadala, fundi mwenyewe angemshangaa kama angesema vingine. Baada ya hapo hajui. Binti amemtengea chumba. Ndani yake kuna kitanda, na kiti cha kuegemea, ameonyeshwa kwenye simu, na kiti hicho hakina nailoni.

"Kwa hiyo ni kwa sababu ya kochi," fundi akasema.

"Ningekuwa nataka kochi ningeiba la wakili." Kisha akapunguza sauti. "Nimechoka kuishi stoo, mume wangu. Nimelea watoto stoo. Mgonjwa nimemuuguza stoo. Mimi ndani ya nyumba ile napita ubavu ubavu."

Fundi akatia mkono mfukoni akatoa futi yake ya kitambaa, ile asiyoachana nayo hata akienda msibani. Akashuka kwenye kiti, akapiga goti juu ya zulia, akaweka ncha ya futi kwenye kisigino cha mkewe, akaivuta mpaka nyuma ya goti.

"Unafanya nini mbele za watu?"

"Tulia. Egemea."

Akapima kutoka nyuma ya goti mpaka kiunoni. Akapima kutoka kwenye kiti mpaka pale kiuno kinapoingia ndani, na hapo akapima mara mbili, kwa sababu hakuamini. Makochi yote aliyowahi kumtengenezea, yale matatu, aliyapima kwa macho, kwa kipimo cha kila mteja. Mkewe ni mfupi wa miguu. Kwenye yale alikuwa ananing'inia. Aliandika namba kiganjani kwa kalamu, kama anavyofanya kazini.

Mlinzi alikuwa anawatazama kutoka mlangoni. Safari hii hakuja.

"Kochi langu huwa linaondoka na mteja, Fundi," mkewe akasema.

"Hili namba zake hazimtoshi mtu mwingine. Mwalimu mkuu akilikalia, magoti yatamfika kidevuni."

Mkewe akageuza uso dirishani, lakini bega lake lilikuwa linacheka.

"Na hayo mengine?"

"Nitaezeka banda kwanza. Yatoke sebuleni yote, yakalale kule."

"Yote?"

"Hata la wakili."

"Lini?"

Fundi akafungua mdomo, na mkewe akainua kidole kabla neno halijatoka. Kila mtu mtaani analijua neno hilo. Fundi Springi, kama mafundi wote chini ya jua, ukimuuliza lini anakwambia njoo Ijumaa. Watu wamekuja Ijumaa mpaka watoto wao wamemaliza shule.

"Usithubutu kuniambia Ijumaa," mkewe akasema.

Fundi akafunga mdomo. Akatazama kiganja chake, akawa anahesabu kimoyomoyo: mabati, mbao, kazi zilizomtangulia, mvua. Alichukua muda mrefu. Dada wa mapokezi akaja kuwaambia ndege yao imeanza kupakia, wajiandae taratibu, na bado alikuwa anahesabu.

"Haliwezi kuwa tayari kabla mtoto hajatembea," akasema mwishowe. "Nikikwambia mapema kuliko hapo nitakuwa nakudanganya."

Mkewe alimtazama vizuri, kama mtu anayemwona mteja mgeni akiingia dukani. Kisha akainuka, akajinyoosha kiuno, akachukua mkoba wake.

"Kitambaa kiwe cha kufulika," akasema wakiwa wanaelekea mlangoni. "Na kiwe kigumu. Huyo mtoto nikija naye atataka kupanda."