Barua za Mwandiko Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, pale mjini Wote, Mkaguzi wa Wilaya alinipa boksi la risiti na kikombe cha chai, halafu akaniambia nisiinywe chai hiyo kabla sijauliza imelipiwa na nani. Nilidhani ananitania. Nikainywa. Jioni aliniita mbele ya makarani wote, akaniuliza ni nani aliyeilipia, na nilipomwambia sijui akasema, "Basi umeshanunuliwa, tena kwa kikombe kimoja." Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa msichana wa Mukuyuni, cheti cha uhasibu mkononi na viatu vya kuazima miguuni, na tangu siku hiyo sijawahi kunywa chai katika ofisi ya mtu ninayemkagua.

Nawaambia haya nyinyi mnaoingia kazi hii sasa na kompyuta zenu, mjue kwamba mtu hazaliwi akiwa wa kushuku. Hufundishwa. Mimi nililipwa mshahara kwa kushuku maisha yangu yote ya kazi, na nilikuwa hodari, sitawaficha. Nilishuku dizeli ya magari ya serikali. Nilishuku mahindi ya msaada wakati wa kiangazi. Mume wangu akichelewa kutoka kanisani, namuuliza mahubiri yalikuwa ya mlango gani, na bado naenda kuthibitisha kwa jirani.

Kutoka Wote nilihamishiwa Kitui, na huko ndiko nilikochukuliwa na shirika moja la hisani lililokuwa likisaidia vyuo vikuu vya umma. Mkurugenzi wetu alikuwa mzee mwembamba asiyeinua sauti. Sisi wa serikali tulizoea kuuliza kama pesa imetumika kwa utaratibu: vocha ipo, risiti ipo, sahihi ipo, twende nyumbani. Yeye alisema chuo cha umma tukipime kama tunavyopima nyumba ya mayatima, kwa sababu nacho kimekuja kuomba. "Chuo ni maskini aliyevaa suti," alituambia. "Usiangalie suti. Uliza shilingi yetu ilimfikia nani, na kama tusingeitoa, mtu huyo angekuwa wapi."

Kwa hiyo tulipima vitu viwili. Cha kwanza ni gharama za utawala, yaani ile pesa inayobaki ofisini kabla haijamfikia mwanafunzi. Cha pili ni kiwango cha kuhitimu: kati ya walioingia, ni wangapi wamevaa joho. Mkubwa wa chuo atakuonyesha jengo jipya na maua getini. Wewe mwambie maua ni mazuri, halafu uombe orodha ya waliohitimu.

Chuo ninachotaka kuwasimulia sitakitaja. Kilikuwa na tawi upande wa Tulia, na shirika letu lilitoa basari kwa wanafunzi arobaini wa tawi hilo, watoto wa watu wasio na kitu. Basari yenyewe haikutosha karo ya muhula. Ilikuwa kama robo hivi, kila mtu robo yake, na tuliona tumetenda haki.

Nilikaa katika ofisi ya fedha ya tawi lile wiki nzima. Mafaili ya utawala yalikuwa safi ajabu. Warsha, posho za safari, jenereta, kila kitu na risiti yake iliyopigwa chapa, hata hazikuwa zimekunjwa. Nikayapitisha nikisema hapa angalau kuna mtu anayejua kazi. Halafu nikafungua leja ya karo, na nywele zikanisimama.

Majina arobaini yote yaliingiziwa basari Jumatatu. Kufika Ijumaa, pesa ya wale arobaini ilikuwa imehamishwa kwenye akaunti za wanafunzi kumi, na wale kumi karo yao ikawa imelipwa yote. Muhula uliotangulia ilikuwa vilevile, ila kumi wengine. Kila uhamisho ulikuwa na barua ya mwanafunzi anayekubali kutoa pesa yake, na barua zote, nawaapia, zilikuwa za mwandiko mmoja. Ule mzuri wa shule za zamani, wenye mikia. Chini ndipo palipokuwa na sahihi tofauti tofauti. Juu ya hayo, karani aliyeidhinisha aliitwa Mutua, na kati ya waliofaidika walikuwemo akina Mutua watatu.

Mtu mwingine angejiuliza kidogo. Ukambani, ukiita Mutua sokoni Tulia, nusu ya soko itageuka. Mimi ni Mkamba, nilijua hilo kuliko mtu yeyote katika shirika letu. Lakini nilikuwa nimenusa harufu ya wanafunzi hewa, wale walio kwenye orodha tu ili mtu ale kwa majina yao, na mbwa akishanusa hasikii akiitwa.

Nikauliza mwandiko ni wa nani. Nikaletewa msichana mmoja wa mwaka wa mwisho, jina lake Mwende, mwembamba, sweta limeshonwa viwiko kwa uzi wa rangi nyingine. Nikamuuliza kwa nini anawaandikia wenzake barua za kutoa pesa zao. Alinitazama, akaona nimeshaandika jina langu juu ya fomu, jina la kwetu, na uso wake ukalegea kama mtu aliyefika nyumbani.

"Ni mwethya, mwaitu," alisema.

Sasa hapo ndipo mnisikilize vizuri. Kwa asiyejua, mwethya ni kile kikundi cha kazi cha kwetu: leo wote tunachimba matuta ya shamba lako, kesho ya jirani, mpaka kila mtu afikiwe. Mama yangu alichimba mashamba ya watu Mukuyuni nzima akisubiri zamu yake. Nyumba nilimozaliwa, matofali yake yalifyatuliwa na mwethya. Na "mwaitu" ni mama, ndivyo kijana mwenye adabu anavyomwita mwanamke wa umri wangu. Msichana alikuwa amenijibu kwa maneno mawili, na yote mawili niliyanyonya na maziwa.

Nanyi mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri: huyu ananinunua. Amejua mimi ni wa kwao, sasa ananipaka mafuta kwa lugha ya mama. Nilikiona kile kikombe cha chai cha Wote kimerudi, safari hii kimevaa sweta. Angenijibu kwa Kiingereza ningemwuliza swali la pili. Kwa kuwa alinijibu kwa Kikamba, nilifunga faili, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika kwamba mhusika ameshindwa kutoa maelezo ya kuridhisha. Alipoona nasimama aliniuliza kama kuna shida, maana muhula ule ndio ulikuwa wake. Nikamwambia atajulishwa.

Barua ya kusimamisha basari niliiandika mimi na kutia sahihi mimi. Mkurugenzi aliisoma akanisifu mbele ya wenzangu. Karani Mutua alihamishwa. Basari iliporejeshwa baada ya miezi kadhaa ilikuja na sharti langu: kila mwanafunzi na robo yake, hakuna kuhamisha hata senti. Nilijigamba kwa ukaguzi huo, msifikiri sikujigamba. Niliusimulia hata kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa.

Mwaka uliofuata tukapima matokeo. Mkurugenzi akaweka karatasi mezani akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Wezi tumewaondoa. Mbona wahitimu nao wametoweka?" Kwa kweli, katika wale wetu hakuhitimu hata mmoja. Nikashuku orodha. Nikashuku msajili. Nikapanda gari kwenda Tulia kuwatafuta wahitimu wa zamani kwa macho yangu, nione kama waliwahi kuwa watu.

Niliyempata kwanza ni kijana mmoja, Musyoka, mmoja wa wale kumi wa kwanza. Alikuwa daktari wa mifugo, na nilimkuta kwenye uwanja wa mbuzi akiwadunga sindano mbuzi wa mfanyabiashara mmoja wa kutoka kaskazini. Nilisubiri amalize. Nilipojitambulisha hakunikaribisha chai, na safari hii iliniuma. Alinawa mikono, akatoa daftari kwenye begi la dawa, akanieleza polepole kama anayemweleza mgeni.

Chuoni, alisema, usipolipa karo yote hupati kadi ya mtihani, na bila kadi hukanyagi chumba cha mtihani. Robo haimfikishi mtu popote. Ukiwapa watu arobaini robo robo, wote arobaini watafukuzwa mlangoni pamoja. Kwa hiyo waliweka zamu. Robo za arobaini zilitosha kulipia kumi. Kila muhula kumi walifanya mitihani, wengine wakaomba kuahirisha masomo wakarudi nyumbani kulima ndengu, na aliyehitimu aliendelea kuchangia kutoka mshahara wake. Daftari lilikuwa na majina yote arobaini na zamu zao. Yeye bado alikuwa akichangia mpaka siku ile, akanionyesha. Jina la mwisho kabisa, lisilo na alama, lilikuwa Mwende.

"Mwandiko wake ulikuwa mzuri, tukamwachia barua zote," Musyoka alisema. "Na aliyeshika kalamu hawezi kujiandika wa kwanza."

Nilirudi garini. Roho iliniuma, nasema wazi, iliniuma kama jino. Wale watoto walikuwa wamefanya hesabu ya Mkurugenzi vizuri kuliko sisi tulioajiriwa kuifanya. Shilingi ilikuwa ikifika, tena ikimvusha mtu, mpaka nilipoizuia kwa jina la haki. Nililifungua tena lile faili la utawala, lenye risiti zisizokunjwa, nikaanza kuuliza warsha zile zilihudhuriwa na nani. Hakuna aliyekumbuka kuketi hata katika moja. Karatasi chafu ilikuwa ya wakweli, na safi niliipitisha.

Nikaandika ripoti ya kusahihisha. Mkurugenzi alikubali zamu zirudi, na utawala ukarudisha pesa za warsha. Lakini Mwende alikuwa ameshaondoka bila anwani, na kwenye ripoti hakukuwa na mahali pa kuandika jina lake. Miaka mitatu baadaye nilistaafu. Walinipa saa ya ukutani na hotuba kuhusu jicho langu kali.

Nilimpata mwaka jana, na msicheke, kwetu Mukuyuni. Ameolewa huko, ana duka la kushona sare za shule, kilomita mbili kutoka mlangoni kwangu. Nilikuwa nimeshonesha pale sare za wajukuu mara mbili kwa kumtuma mtu, bila kujua ni kwake. Safari hii nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia mimi ni nani, akasema anajua, alinijua tangu siku ya kwanza nilipopita barabarani. Nikamwambia nimekwenda chuoni kuulizia, muhula mmoja uliobaki bado anaweza kuumaliza, na nimekuja na karo yote.

Hakuigusa bahasha. Aliniuliza pesa imetoka wapi. Nikasema ni ya pensheni yangu. Akaniuliza nani anashuhudia. Akaniuliza nataka nini kwake, kama ni kuandikiwa barua au kuombewa. Niliyajibu maswali yangu mwenyewe moja baada ya jingine, nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti.

"Mimi sichukui msaada," alisema mwishowe. "Kama unaingia mwethya, ingia. Utakuwa wa mwisho kwenye zamu."

Nikasema naingia. Akalitoa daftari, kumbe Musyoka alishamrudishia, akaandika jina langu chini ya lake kwa ule mwandiko wenye mikia. Nikatia sahihi. Halafu akavuta droo ya cherehani, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa. Ilikuwa ile barua yangu ya kusimamisha basari. Akaikunjua kando ya daftari, akaweka kidole kwenye sahihi ya pale na kidole kingine kwenye sahihi ya hapa, akaanza kuzilinganisha herufi moja moja.

Sikumharakisha.