Jambo la Nne la Mama Pasi

Mama Pasi aliingia katika Uislamu kupitia magoti ya suruali. Alikuwa dobi, na dobi huwajua watu kwa madoa yao. Wakati ule Waislamu wa mtaa wetu walikuwa familia tano tu, watu waliokuja kwa kazi wakabaki, na nguo zao alifua yeye. Kisa hicho alinipa mwenyewe siku moja akipiga pasi, mimi nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri shati.

"Suruali za watu wengine huchakaa makalioni, kwa kukaa," alisema. "Zenu zilikuwa zinachakaa magotini. Nikajiuliza, hawa wanampigia nani magoti kiasi hiki? Nikataka nimjue."

Hakujua kusoma. Imamu wetu ni fundi baiskeli, na Mama Pasi alikuwa akivuka barabara na kapu lake, anasimama kwenye kibanda cha Imamu, anasomewa aya mbili tatu au maneno ya sala wakati gurudumu linanyooshwa, kisha anarudi nazo kwenye meza yake. Alizigawa juu ya shati. Kola ilikuwa Fatiha, mikono miwili Kulhuwallahu, mgongo Attahiyatu. Mteja akileta lalamiko la shati lililoungua mgongoni, alisema, "Ni Attahiyatu hiyo, bado ilikuwa inanisumbua. Hebu angalia kola, kola haina kosa."

Msikiti wetu ni chumba cha nyuma cha ghala la zamani. Kwa miaka kumi na mmoja hakikuwa na bomba, nasi tulitawadha kwa Mama Pasi, katikati ya shuka za watu zilizoanikwa. "Taratibu na maji hayo," alikuwa akitupigia kelele. "Shuka hizo si za Mungu, zina wenyewe!" Mtu mpya akiuliza msikiti uko wapi, jirani humwelekeza kwa dobi kwanza. Leo tuko arobaini na mmoja pamoja na watoto wachanga. Karibu nusu yetu ni wazaliwa wa hapa, na wengi wa hao walianza kwa kututazama pale bombani.

Aliishi nyumba moja na dada yake, vyumba viwili, ukuta mmoja. Dada huyo ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Fundi. Amemzidi Mama Pasi miaka saba. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo Fundi ndiye aliyemlea mdogo wake, akimwogesha kwa kopo na kumfunga nywele. Ni mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya mpaka leo. Mdogo wake alipobadili dini, Fundi hakusema naye wiki nzima. Wiki ya pili aliingia na kitambaa begani. "Haya, watakutaka uvae nini sasa? Simama nikupime." Mwezi wa kufunga alimwamsha kabla ya alfajiri kwa kugonga ukuta na mpini wa mkasi. "Amka ule, wewe. Zamu yangu ya kuamshwa ni Jumapili."

Pazia linalotenga wanawake na wanaume msikitini alilishona Fundi. Na tulipofiwa mara ya kwanza, hakuna aliyekuwa na kitambaa cheupe kirefu isipokuwa yeye. Mama Mkunga, ambaye alizalisha wanawake miaka thelathini hospitalini na sasa ndiye kiongozi wa waoshaji wetu wa maiti, alimwelekeza: mwanamume vipande vitatu, mwanamke vitano, hakuna pindo wala uzi wa rangi. Tangu siku ile sanda zetu zote zimekatwa na Fundi. Hakuhitaji futi. Alikuwa akinitazama kutoka kichwani hadi viatuni na kusema, "Wewe Katibu sikusumbukii. Nitakukata kwenye kipande kitakachobaki." Nami nilicheka, maana mimi ni mfupi na nimelizoea jambo hilo.

Mimi ni karani wa shule, na msikitini ni katibu. Madaftari ya jumuiya yako nyumbani kwangu, yamepangwa kwa mwaka. Naandika tarehe, idadi ya waliohudhuria, na maneno ya kila mtu kama alivyoyasema. Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nayo hapa, na ndiyo iliyonifanya nipewe kazi ninayoisimulia.

Mwaka juzi alikuja mgeni kutoka makao makuu ya misikiti. Alikaa siku moja. Alikuwa mpole, aliuliza maswali yake kwa adabu na kuandika majibu katika kidaftari kidogo.

"Na sanda, anakata nani?"

"Kuna fundi," nilimjibu.

"Mwislamu?"

"Ni jirani."

Aliandika. Mimi ambaye maisha yangu yote nimeandika habari za wengine, nilijisikia vibaya kuandikwa. Akaniachia fomu za wasia wa maziko, akaeleza kwamba ni muhimu hasa kwa wale ambao jamaa zao si Waislamu, pasije pakatokea mvutano juu ya maiti. Nakala ya kila fomu ingepelekwa makao makuu. Katikati ya fomu palikuwa na mistari mitatu ya nukta, na chini yake nafasi ya sahihi au kidole.

Mama Pasi alikuwa wa kwanza kuitaka. Moyo wake ulikuwa umevimba, anapiga pasi shati moja na kupumzika. Nilikwenda kwake Jumanne, saa nne asubuhi. Tulikuwa wawili tu. Alinitajia mambo manne.

La kwanza, azikwe na Waislamu, katika makaburi yetu. La pili, azikwe siku ile ile, asisubirishwe. La tatu, meza yake ya kupigia pasi iende msikitini, iwekewe misahafu. "Imezoea kusomewa," alisema.

"Na la nne, wakati wa kunikosha, dada yangu amwage maji. Mama Mkunga na wenzake waoshe kama inavyotakiwa, yeye asiguse, amwage tu. Yeye ndiye aliyenimwagia maji tangu nikiwa mtoto. Nimemwahidi."

Kalamu ilikuwa mwisho wa mstari wa tatu. Nilimwona akilini yule mgeni akiipokea nakala, akifika kwenye la nne, akifungua kidaftari chake. Nilijiambia kwamba fomu ina mistari mitatu. Nilijiambia nitamuuliza Imamu kwanza, kisha nitaongeza. Nikaifunika kalamu.

"Nisomee," Mama Pasi alisema.

Hapo ndipo penye kosa langu, si pale pa kuacha kuandika. Ningeweza kusema, "Mama, la nne sijaliandika, nina wasiwasi nalo." Tungebishana, angenirushia kitambaa, yangekwisha. Badala yake niliishika karatasi mbele ya macho yangu na kusoma manne. La nne nililisoma kwa maneno yake yenyewe, taratibu, huku nikitazama nafasi tupu.

Aliitikia kwa kichwa kila moja. Kisha akaweka kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza pale nilipomwonyesha.

"Basi," alisema akicheka. "Nimeshapigwa pasi na kukunjwa. Mwenye mzigo aje achukue."

Imamu sikumuuliza. Kila nilipopita kwenye kibanda chake alikuwa na mteja, au nilijifanya nimeona mteja. Wiki ya tatu Mama Pasi alifariki, asubuhi, ameketi kwenye benchi lake.

Fundi alifika msikitini kabla ya saa sita. Mkono mmoja alibeba vipande vitano, ameshavikunja, na mwingine kopo la bati. Mama Mkunga alikuwa mlangoni pa kile kichumba cha pembeni cha kuoshea maiti.

"Nimekuja kumwaga maji," alisema Fundi.

Mama Mkunga alimshika bega. "Pole, mwenzangu. Lakini hilo sijalisikia, na mlango huu nimepewa amana. Aliacha neno?"

"Ameliacha. Limeandikwa. Aliniambia, 'Usiwe na wasiwasi dada, Katibu ameliandika na amenisomea.' Mwiteni."

Tulikuwa watu kumi na saba pale ukumbini. Nilisimama nikasoma. La kwanza, la pili, la tatu. Nikaishusha karatasi.

"Na la nne?" aliuliza Fundi.

"Karatasi ina matatu, mama."

Nililichagua jibu hilo kwa uangalifu. Halikuwa na neno hata moja la uongo.

Fundi anajua kusoma. Aliichukua karatasi, akaisoma mpaka chini, akaitazama ile alama ya kidole. Akanirudishia. Akampa Mama Mkunga vile vipande, akaenda kuketi kwenye ngazi za nje, kopo likiwa mapajani. Alikaa hapo mpaka tulipotoka na jeneza. Kaburini alisimama mbali, nyuma ya majirani. Baadaye watu walipomuuliza kwa nini hakuingia, aliwajibu, "Alibadili mawazo. Ni haki yake, mwili ni wake."

Nakala niliipeleka posta wiki hiyo hiyo.

Miezi miwili ikapita, akafariki mzee mmoja wa jumuiya, nami nikatumwa sanda. Fundi alikata vipande vitatu bila kuinua macho. Hakunitania. Nilikuwa nimeshapokea kitambaa aliposema, "Katibu, nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

"Siku ile alipokuwa anakutajia mambo yake. Alikuwa amenikasirikia? Maana nimefikiri sana. Wiki ile tuligombana kidogo, nilimwambia aache kazi apumzike. Labda nilimsema vibaya."

"Hapana," nilisema. "Hakukasirika."

"Sasa kwa nini aniambie limeandikwa na halikuandikwa? Hakuwa mtu wa kunidanganya."

Nilisema kuna watu wanasubiri sanda. Ilikuwa kweli pia. Njiani nilikibana kile kitambaa kifuani kama mtu aliyekiiba, na usiku nilipofungua daftari niandike maziko ya yule mzee, mkono haukwenda. Nilikuwa nikidhani nimeficha mstari mmoja tu. Kumbe nilikuwa nimemwachia mwanamke yule aamini kwamba mtoto aliyemlea mwenyewe alimkataa mwishoni, tena kwa uongo.

Nilirudi kwake siku ya nne, Alhamisi. Alikuwa anashona sare ya shule. Nikasimama mlangoni, nikasema yote kwa mpangilio, tarehe, saa, maneno, kama ninavyosoma kumbukumbu za mkutano. Cherehani ilisimama nilipofika kwenye mstari wa tatu.

"Kwa hiyo hakunikataa," alisema.

"Hakukukataa."

"Na ulimsomea?"

"Nilimsomea."

"Yote manne?"

"Yote manne."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema ameshapigwa pasi na kukunjwa."

Fundi alijifunika uso kwa ile sare, akakaa hivyo. Nilihesabu pini kwenye mto wake wa pini ili nisimtazame. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilinitisha zaidi.

"Ungemnyima mtu mwenye macho ya kusoma, angekukamata. Ukamchagua yeye."

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe msamaha hapa. Hapa tuko wawili. Siku ile uliposoma matatu tulikuwa wangapi?"

"Kumi na saba."

"Unaona? Hata idadi unayo." Akavuta sare chini ya sindano. "Ukawasomee hao."

Siku iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, nilimwomba Imamu ruhusa. Nilisimama mbele ya meza ya Mama Pasi, ile iliyowekwa misahafu, ambayo bado ina alama ya pasi pembeni. Nikasoma manne, kisha nikaeleza kwa nini siku ile yalikuwa matatu. Nilimtaja yule mgeni. Nilitumaini, nasema kweli, kwamba mtu angesema, "Katibu alitulinda."

Kisha Mama Mkunga akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Katibu, mgeni yule alikula kwetu mchana mmoja. Hili pazia ninaloongea nyuma yake nimelitazama miaka tisa, na aliyelishona ni nani?"

"Ni Fundi, mama."

"Ungeniuliza, ningemfungulia mlango kabla hujamaliza kusoma. Ndoo ilikuwa hapo na mikono yetu ilikuwa michache. Angesimama upande wa kichwa, angemwaga. Hukuniuliza, ukanifanya mimi nimzuie. Mkono uliomzuia ni huu wangu."

Nilitaka kuweka daftari chini, niwaachie. Imamu aliniwahi. Mikono yake ilikuwa na grisi kwenye kucha kama kawaida.

"Usituachie kazi yako. Kwanza uandike hili la leo. Na kuanzia sasa, ukimwandikia asiyejua kusoma, mtu wa pili akae hapo, naye asome."

Nilipotoka nilimkuta Fundi kwenye ngazi zile zile. Alikuwa amesikia, dirisha lilikuwa wazi. Alimsubiri Mama Mkunga, akampa lile kopo. "Likae na ndoo zenu," alisema. "Nyumbani linanitazama tu." Waliondoka pamoja. Sanda anatukatia bado, lakini mpaka aje mtu mwingine kuchukua. Nikienda mimi, mlango wa duka unakuwa umefungwa, na cherehani naisikia ndani.

Jumamosi niliketi na ile fomu, Imamu upande huu na Mama Mkunga upande ule, ili niliandike la nne, niweke tarehe na sahihi yangu, na nakala mpya iende makao makuu. Kati ya mstari wa tatu na kidole cha Mama Pasi sikuhitaji hata kubana herufi. Niliandika maneno yake yote, mpaka lile la "nimemwahidi", kwa mwandiko wangu wa kila siku. Yalienea, na nafasi ikabaki.