Mlango wa Upande wa Mama

Barua ya dada yangu ilinifikia Tunduma ikiwa imekunjwa mara nne na kuchakaa kwa mikono ya madereva waliopokezana nayo. Nilikuwa karani wa mizigo pale mpakani. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi nyingine nyingi katika miji mingine mingi, tangu nilipomaliza kidato cha nne nikaondoka nyumbani nikisema nitarudi Krismasi. Dada aliandika mistari michache tu: baba anaugua tumbo, amejiendesha mwenyewe mpaka hospitali ya Kakamega, na kila jioni anauliza kama mkubwa, yaani mimi, amejibu.

Sikujibu, niliondoka. Lori la shaba lilinishusha Iringa. La vitunguu likanichukua kwenda kaskazini, likazama kwenye matope karibu na Kondoa, tukalala hapo siku mbili tukipika uji kwa maji ya mtaroni. Kutoka Arusha nilikaa juu ya magunia ya maharagwe. Nairobi nikakata tiketi ya daraja la tatu, garimoshi la Butere, na Butere nikaomba nafasi kwenye trekta la miwa lililokuwa likipelekwa mjini kutengenezwa. Siku ya tisa, saa saba mchana, nilifika kwenye lango la hospitali nikiwa na mfuko mmoja na viatu vilivyofumuka.

Bawabu alikuwa mzee mwenye koti refu la mvua, na jua lilikuwa kali. Alinitazama usoni.

"Wewe ndiye yule mkubwa," akasema. "Uso ni wa mzee mwenyewe."

Nikamwambia nimekuja kumwona.

"Walikungoja siku nne, kijana wangu. Ijumaa wakakodi pikapu wakamchukua. Ameshazikwa."

Nakumbuka aliingiza mkono ndani ya koti akatoa ufunguo uliofungwa kwa kamba ya katani, akaniambia mzee alimwachia siku ile alipolazwa, amtunzie gari, mtu asiliguse. Lilikuwa pale chini ya mkaratusi, majani yamejaa juu ya paa.

Gari hilo lilikuwa na umri karibu sawa na wangu. Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba Lugari, na mashamba yalipogawanywa mzungu akaondoka, akamwachia. Lilikuwa saluni la rangi ya maziwa, usukani mkubwa mwembamba, gia kwenye shingo ya usukani, na mbele kiti kimoja kirefu kama benchi la kanisani. Upande wa dereva kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo la baba. Mlango wa upande wa mama haukufunguka kutoka ndani. Kitasa chake kilivunjika mimi nikiwa darasa la pili. Kwa hiyo kila walipofika mahali, baba alizima gari, akashuka, akazunguka kwa mbele akiburuza kiganja juu ya boneti, akamfungulia. Wanaume wa sokoni Lumakanda walimwita dereva wa bibi. Hakuwahi kuwajibu. Mimi nilikuwa naona aibu, nikijiuliza kwa nini mtu anayejua kufungua injini nzima anashindwa na kitasa.

Nilizungusha ufunguo. Kilisikika kishindo kidogo cha chuma, basi.

Nyumbani Lumakanda nilikuta kila mtu ana upara. Kwetu siku ya tatu baada ya maziko watu wa boma hunyolewa, na siku hiyo ilikuwa imepita. Mama hakulia aliponiona. Alinipikia obusuma, ugali wa mahindi yetu wenyewe, akakaa kunitazama nikila mpaka nikamaliza. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, akaninyoa kwa wembe, polepole, na ni wakati ananinyoa ndipo aliponiambia.

Katika pikapu ile walikuwa dereva na mume wa dada, basi. Mtu wetu akifia mbali, huletwa nyumbani akisemeshwa njiani. Kwenye kila mto anaambiwa tunavuka, kwenye kila njia panda anaambiwa tunakata huku, ili asibaki nyuma. Kazi hiyo ni ya mwana wa kwanza. Shemeji hakuthubutu kuifanya, kwa kuwa mwenyewe nilikuwa hai, na pengine nilikuwa njiani. Akanyamaza kutoka Kakamega mpaka uani kwetu.

"Namwona kila usiku," mama akasema. "Anasimama Buyangu, pale msitu unapokaribia barabara. Ameshika kofia. Magari yanapita, hasimamishi hata moja, kwa kuwa si lake."

Alinipangusa nywele mabegani.

"Mlete na gari lake. Hilo atalijua."

Mchungaji alikuwa amemwambia aachane na mambo hayo, kwamba mzee yuko mahali pema. Mama alimkubalia, akampa chai. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mmoja na sikujua kama naamini. Nilijua kwamba hilo ndilo jambo pekee ambalo mama amewahi kuniomba.

Nikarudi Kakamega, nikapanga chumba, nikapata fundi. Alikuwa mtu wa Mumias, Mwislamu, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyoloa mafuta, na gereji yake ilikuwa uwanja wazi kando ya barabara yenye miti miwili. Tulilisukuma gari hadi pale. Alifunua boneti, akainama, akagongagonga chuma kwa spana, akatoka akipangusa mikono.

"Hii imekufa kumshinda mwenyewe," akasema, kisha akashtukia alichosema. "Mungu anisamehe. Pole sana, ndugu yangu."

Chuma cha injini kilikuwa kimepasuka, labda katika safari ile ya mwisho ya baba. Tulitafuta spea Kisumu, tukatafuta Eldoret, tukaandika barua Nairobi. Wengine hawakuwahi kuliona gari la aina hiyo. Fundi akanishauri tuweke injini ya Kijapani ya mtumba. Nilisita siku kadhaa. Nilimwambia hili ni gari la baba, nataka libaki lilivyo.

"Unataka gari," akaniuliza, "au unataka kaburi la pili?"

Nikakubali. Sikujua nimekubali mangapi. Injini mpya ilikuja na giaboksi yake, na giaboksi hiyo gia zake hutokea sakafuni, katikati. Gia zikitokea katikati, benchi haliwezi kukaa. Fundi akatafuta viti viwili vya gari lililopata ajali. Viti hivyo vilikuwa vya juu, usukani wa zamani ukagusa mapaja yangu, ukabadilishwa. Kila kitu kilichoingia kilisukuma kingine nje, na kila mara fundi alinieleza sababu, na kila mara sababu ilikuwa ya kweli. Nilisimama kando na spana mkononi nikiitikia.

Benchi la baba liliwekwa chini ya mti. Mafundi walilikalia wakila githeri. Mvua ya mawe ikaja siku moja wakati sote tumekimbilia kibandani, na nilipotoka nikaona lile bonde lililochongwa na mwili wa baba limejaa barafu. Nikaimwaga. Baada ya wiki chache kitambaa kikaoza, kuku wakaanza kuchomoa sufi.

Siku ya kuchukua gari fundi alikuwa amelipiga rangi ileile ya maziwa, na liling'aa. Alinizungusha akinionyesha. Mwisho akafungua mlango wa abiria, akaufunga, akaingia, akaufungua kutoka ndani kwa kidole kimoja.

"Hiki kitasa nimekifanya bure," akasema. "Rambirambi yangu kwa mzee."

Nilimshukuru kwa mikono miwili. Nilifurahi kweli. Nilijiona nimemalizia kitu ambacho baba alishindwa miaka yote hiyo.

Mama alikuja Kakamega na dada Jumamosi asubuhi, amevaa gauni la kanisani, ameshika kofia ya baba ya ukili. Dada alibaki sokoni. Mama alitaka tuwe wawili. Alilizunguka gari mara moja bila kuligusa. Kisha akachungulia ndani.

"Atakaa wapi?"

Sikuwa nimewaza. Zamani wangekaa watatu mbele bila shida. Sasa kati ya viti viwili palikuwa na kijiti cha gia.

"Nyuma," nikasema.

"Baba yako hajawahi kukaa nyuma ya gari lake."

Alisimama kando ya mlango mpaka nikamfungulia, akaingia, akaipakata kofia.

Tulianzia mlangoni pa chumba cha maiti. Bawabu wetu alivua kofia yake. Mama alimwita baba kwa jina lake la utotoni, akamwambia mwanao amekuja, gari lako limekuja, twende. Halafu akanitazama. Nikasema na mimi, twende. Nilijisikia mpumbavu, na macho yalikuwa yananichoma.

Kwenye daraja la Isiukhu nilipunguza mwendo. Nilijaribu kumwambia kwa Kiluhya, lugha aliyonisemesha maisha yake yote, na nikagundua maneno yamenitoka. Nilikuwa nimeyaacha huko nilikopita. Nikamalizia kwa Kiswahili: baba, tunavuka. Mama hakunisahihisha.

Pale Buyangu mama aliniambia nisimame. Msitu ulikuwa umenyamaza, na gari pia. Alishusha kioo, akangoja.

"Halisikiki," akasema.

"Ni injini nzuri, mama. Haipigi kelele."

"Lile nililisikia likiwa bado kwenye kinu cha unga. Nilikuwa naweka maji ya chai, na akiingia uani yanachemka." Aliangalia miti. "Hili atajuaje ni sisi?"

Nikakanyaga mafuta ili lingurume. Likanguruma kama gari la mtu mwingine. Nikatoa kichwa dirishani nikaita, baba, baba, mara mbili, na mwanamke aliyekuwa akipita na kuni kichwani akaharakisha mwendo. Tukakaa pale. Mwishowe mama akapandisha kioo, akasema twende, na sikujua kama ni kwa sababu baba amepanda au kwa sababu hapandi.

Mito iliyobaki niliitaja yote. Njia panda zote nilizitaja. Nilisema hata mahali pasipohitaji kusema, kilima hiki, shule hii, mahindi ya fulani yamekauka, nikikisemesha kiti cha nyuma kupitia kioo.

Tulipoingia uani nilizima gari, nikashuka. Watoto wa dada walikuwa wamesimama mlangoni. Mama hakushuka. Nilidhani anaomba, nikangoja. Kivuli cha nyumba kikasogea kidogo. Nikainama dirishani nikamwambia taratibu kwamba mlango siku hizi unafunguka kutoka ndani, avute tu kile kitasa.

"Nimekiona," akasema. "Baba yako alikuwa nacho kama hicho kwenye kabati. Alikinunua wewe ukiwa bado shuleni. Akasema akikiweka, atakosa sababu."

Aliendelea kukaa, kofia mapajani, macho mbele. Hapo ndipo nilipoelewa anangoja nini. Kama baba alikuwa amekuja nasi, angeshuka, angezunguka kwa mbele. Nilisimama kando ya gari bila kujua niweke mikono wapi. Kuku alipita chini ya gari akatokea upande wa pili. Wajukuu wakachoka wakaingia ndani. Nilingoja na mimi, naapa, nilingoja kwa moyo wote nione kitu chochote kikipita mbele ya boneti ile.

Jua lilikuwa limehama upande wa pili wa paa nilipozunguka nikamfungulia. Alinitazama kuanzia viatuni mpaka usoni.

"Ni wewe," akasema.

Akashika mkono wangu, akashuka, akaenda kuweka maji ya chai.

Nilikaa Lumakanda mpaka mavuno. Mama hakupanda gari hilo tena. Kanisani alikwenda kwa miguu, na nikimwambia nimpeleke alisema magoti yanahitaji kazi. Sikumwuliza kama bado anamwona Buyangu. Asubuhi moja alinikuta nimelala ubavu ndani ya gari na bisibisi, ninajaribu kuking'oa kitasa kile.

"Acha, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiluhya. "Ukikivunja, kitakuwa kimevunjwa na wewe, si kile cha baba yako."

Niliacha. Wiki hiyohiyo nilisikia lori la mahindi linakwenda Kakamega, na kutoka huko ningeweza kufika Kisumu, na kutoka Kisumu popote. Niliweka ufunguo mezani, pembeni ya kofia. Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuniuliza nitarudi lini, na mimi safari hii sikutaja Krismasi. Sote tulijua. Alinifunga kifungo cha shati kilichofunguka.

"Huko unakokwenda," akasema, "ukifika mtoni, jiambie mwenyewe unavuka. Hakuna mtu atakayekuambia."

Nilikaa mbele na dereva. Tulipita Buyangu kwa kasi, nikaangalia upande wa pili. Pale Isiukhu nilifumbua mdomo nikasema. Dereva aligeuka akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia sijasema kitu.