Siku Tulipomhamisha Mdogo Wangu

Harufu ya lami ya moto ikinipata barabarani, hata leo, hunirudisha Bangwe, enzi mtaa wetu ulipokuwa nyumba chache kati ya michikichi, na ukijilaza mchana unasikia ziwa likipiga mawe.

Barabara ilipokuja ilitakiwa kupita nyuma ya nyumba yetu, pale alipozikwa mdogo wangu, aliyekufa kwa surua kabla hajajua kutembea. Wakubwa walikubaliana kaburi lihamishwe. Asubuhi hiyo katapila lilikuwa tayari linanguruma, na moshi wa lami iliyokuwa ikimwagwa huko chini ulitukaba koo.

Mama alimwendea dereva. "Mwanangu, zima hiyo mashine. Mtoto huyu hajazoea kelele."

Dereva, kijana mgeni wa mkoa mwingine, alizima injini, akavua kofia. "Samahani, mama."

Baba na mjomba walichimba taratibu. Walichokipata kilikuwa kidogo sana, wakakifunga kwenye shuka jeupe. Makaburi mapya yalikuwa mbali, mlimani, kwa hiyo mjomba akasogeza toroli.

"Hapana. Nipe mimi," mama alisema.

Aliinama, akaliweka lile furushi mgongoni, akalifunga kwa kitenge kama alivyokuwa akimbeba alipokwenda sokoni Kibirizi. Tulipoanza kupanda, katapila liliwaka tena nyuma yetu. Mama hakugeuka. Mimi nilitembea kando yake, nikitamani kumuuliza kama mtoto alikuwa mzito, lakini nikaogopa.