Saa Kumi na Tano kutoka Toronto

Ile namba niliisoma mimi, na mpaka leo nikiikumbuka nachemka. Mama alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Lumuma. Kaka yangu, kifungua mimba wake, anaishi Toronto. Nilipompa taarifa alijibu kwa neno moja tu: nakuja. Basi nikaandika kwenye simu majina ya miji miwili, Toronto na Dar es Salaam, nikawasomea wazee waliokaa jamvini: saa kumi na tano.

Baba mdogo akahesabu kwa vidole. Kwetu mama hupokelewa kaburini na wanawe, na mkubwa ndiye hushika upande wa kichwa.

"Akipanda leo, kesho asubuhi yuko Dar, mchana treni imemshusha Kilosa, jioni tunazika," akasema.

Sisi Waislamu, tunaojua fika kwamba maiti haicheleweshwi, tukaafiki.

Upuuzi mtupu. Zile zilikuwa saa za ndege inayoruka moja kwa moja bila kutua popote, na ndege hiyo haipo. Mtandao ulipima umbali wa angani, ukagawa, basi. Haukujua habari za kutafuta tiketi, wala za kushinda kwenye uwanja wa nchi ya watu ukingoja ndege ya pili, wala za barabara ya kutoka Kilosa kupanda kwetu mvua zikinyesha. Lakini mimi barabara hiyo naijua. Nimelala humo na magunia ya vitunguu mara ngapi? Na bado nilinyamaza.

Siku ya pili mchana kaka akapiga simu: ndiyo kwanza anangoja hiyo ndege ya pili. Ndani, dada yetu alikuwa akibadilisha mifuko ya barafu iliyomzunguka mama, barafu ya muuza samaki. Ubani ulikuwa umeshindwa kazi. Dada alitoka na ndoo ya maji, akanitazama.

Nikasimama. "Baba mdogo, tunazika leo hii."

"Kaka yako ataumia, mwanangu."

"Mama ameshaumia vya kutosha."

Baada ya swala ya alasiri tulikuwa makaburini. Upande wa kichwa nilishika mimi. Mama alikuwa mwepesi, na sanda ilianza kulowa mikononi mwangu.

Kaka alifika siku ya nne asubuhi, viatu vimejaa tope, akilia tangu njia panda. Alipotulia akasema, "Mngenivumilia kidogo tu, mdogo wangu."

Sijawahi kukutana na kaka yangu nisimpe shikamoo. Siku ile nilimkazia macho tu. Alisimama akiingoja, wazee wakainamisha nyuso. Kaburi lilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka mlangoni. Nikamwonyesha kwa kidole, nikamwacha aende peke yake.