Ua wa Kalunde

Hebu mwone anavyokuja. Ni Oktoba 1934, kwenye njia ya vumbi itokayo Kwa Vonza, Kitui. Mama mmoja anapanda kilima ameinama, mzigo wa fimbo za miiba mgongoni, ukanda wa kubebea umemkaza kipaji cha uso. Kila hatua mbili, "Aii!", maana mwiba umepenya ile ngozi ya mbuzi aliyojitandika mgongoni. Huyo ni Kalunde, mjane, na hizo fimbo si kuni.

Shida ilianza bintiye Syombua alipoolewa na Kivuva, kijana wa shamba la jirani. Ndoa ilikuwa njema, hakuna aliyelalamika. Lakini sisi Wakamba tuna nthoni: mama mkwe na mume wa bintiye hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja ataingia kichakani. Na njia ya Kivuva ya kwenda mtoni ilipita hatua kumi tu kutoka uani kwa Kalunde. Akiwa anatwanga, anasikia kikohozi cha mkwe akipita, anatupa mchi na kukimbilia ndani. Akianika mtama, kikohozi tena, ndani tena, na kuku wanakula mtama. Mama wa watu akawa mfungwa kwake mwenyewe.

"Panda mkonge," alimshauri jirani yake, mzee Ndululu.

"Mkonge una mianya chini. Mbuzi watapita."

"Basi muthiia. Ule mwiba wake wa ndoano ukikushika nguo haukuachi."

"Mpaka uote, nitakuwa nimeshazikwa."

"Na mnyaa? Unachomeka tu, unashika. Kijani mwaka mzima."

"Hauna mwiba hata mmoja! Mbuzi wako wataingia kama wanaenda kwao."

"Mbuzi wangu wana adabu."

"Waliitoa wapi, na wewe ndiye umewalea?"

Kalunde akachagua ikuu, mti wa miiba ambao ukikata fimbo yake na kuichomeka kabla ya mvua, inachipuka. Alichomeka mistari miwili, fimbo ndefu, karibu karibu. Novemba mvua ikanyesha, fimbo zikavaa majani, na mama akatwanga mpaka mwisho bila kukimbia. Hata alianza kuimba.

Sasa, kila mtu wa Kitui anajua kwamba ikuu hupukutisha majani kiangazi. Kalunde pia alijua. Ila siku ya kuchagua, akili yake yote ilikuwa kwa mbuzi wa Ndululu.

Februari ikafika. Asubuhi moja anapepeta mawele, anainua kichwa, na ng'ambo ya miiba isiyo na majani amesimama Kivuva na jembe begani. Macho kwa macho! Ungo ukaanguka. Kijana akageuka akaondoka mbio, mama akaingia ndani, na siku tatu hakutoka ila kwa lazima.

Siku ya nne alienda sokoni. Aliporudi, akakuta mnyaa mbichi umechomekwa kati ya fimbo za ikuu, mrefu kuliko mtu. Syombua alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Mwaitu, mama yangu, ni Kivuva amepanda. Anaomba radhi."

Kalunde akauzunguka ua taratibu. Mnyaa haukupandwa kote. Ulikuwa umeziba mbele ya kinu. Ulikuwa umeziba pale anapopepetea. Halafu, nyuma ya ghala, umesongamana kuliko kwingine kote, ulikuwa umeziba kile kipembe anapojificha kunusa ugoro, jambo ambalo waumini wenzake wa misheni hawakulijua, wala Syombua mwenyewe.

"Amesema pia nikwambie," Syombua akaongeza, "yeye hajawahi kuona kitu."

"Kwani nimemuuliza?"

Alikaa kwenye kipembe chake, salama sasa, kikopo cha ugoro mkononi, akiutazama ule mnyaa na kutikisa kichwa. Na mimi nakuuliza wewe: mkwe ambaye hajawahi kuona kitu, alijuaje pa kuchomeka?